Kupendeza si dhambi ya maskini

Jamani, leo tuache siasa pembeni tuongee habari ya nguo. Najua wapo watakaosema mwandishi mzima unaacha mambo ya maana unashughulika na viwalo. Sawa. Someni mpaka chini halafu mniambie kama si siasa.

Kuna maneno nimeyasikia Kiwangwa, nimeyasikia Magomeni, nimeyasikia hata kwenye ofisi zenye viyoyozi katikati ya Dar. Anapita kijana ambaye kila mtu anajua hali yake. Bodaboda anayoendesha si yake, ni ya tajiri, na kila jioni lazima apeleke hesabu. Au ni binti anayeuza vipande vya nanasi barabarani. Lakini kapigilia pamba: shati limekaa sawasawa mabegani, suruali ina mstari wa pasi, viatu vinang'aa. Badala ya kumsifia, watu wanamsindikiza kwa maneno. "Angekuwa na akili angenunua bati." Au, "Kwao nyumba ya udongo, yeye anajifanya wa mjini."

Mimi nasema mtu mwenye kipato kidogo ana haki ya kupendeza kama mwingine yeyote. Na wengi wanaopendeza kwa vijisenti vyao wanajua hesabu kuliko hao wanaowacheka. Kinachowamaliza vijana wetu mfukoni si kupenda nguo. Ni nguo wanazoamriwa kununua. Hapo ndipo nataka tufike, lakini twende taratibu.

Tuanze na hilo bati. Wasemaji wetu hawajawahi kumuuliza huyo kijana kanunua shati lake shilingi ngapi. Bei inategemea siku na mdomo wako, lakini chukulia mfano wa shati la mtumba la elfu tatu, suruali ya elfu tano, na elfu mbili za fundi cherehani wa kupunguza kiuno na kupandisha pindo. Jumla elfu kumi. Kwa hela hiyo bati zuri hupati, na hata ungepata, nyumba haiezekwi kwa bati moja. Shati lile atalivaa miaka miwili, Ijumaa kwa Ijumaa au Jumapili kwa Jumapili, msibani, na siku anayokwenda kuomba kazi. Sasa hapo nani hana akili?

Tena tusisahau tunaongelea wapi. Kwa wasiopajua, Kiwangwa ni mkoa wa Pwani, kwenye barabara inayotoka Bagamoyo kwenda Msata. Ukiitaja Dar, mtu anawaza nanasi. Mkulima wa nanasi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Msimu ukifika, mananasi ni mengi na bei inaporomoka. Msimu ukipita, hela nayo imepita. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvaa kwa kukurupuka. Ananunua wakati hela ipo, anatunza, anapeleka kwa fundi, anageuza. Nyinyi mnaita uzembe, mimi naita bajeti.

Turudi nyuma kidogo, maana maneno haya hayakuanza jana. Karne ya 19 Bagamoyo ndiyo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda bara, Tabora mpaka Ujiji. Wapagazi walibeba nini kwenda huko? Pamoja na shanga na waya, walibeba vitambaa. Kulikuwa na merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani. Kulikuwa na kaniki, ile nyeusi ya buluu. Vitambaa ndivyo vilikuwa fedha ya safari: unapita nchi ya mtu unatoa doti, unanunua chakula unatoa shuka. Na ule mzigo wa vitambaa uliofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi uliitwa nini? Mtumba. Ndiyo, hilo hilo. Neno tunalolitumia leo kwa nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani lilikuwa likitembea kwenye njia za Bagamoyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, likiwa na maana ya nguo mpya kabisa.

Enzi hizo nguo ilikuwa inasema wewe ni nani. Kwa jumla pwani yetu, muungwana alijulikana kwa kanzu na kilemba chake. Mtumwa alitakiwa ajulikane kwa kipande cha merikani au kaniki, bila kufunika kichwa, bila viatu. Utumwa ulipopigwa marufuku, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, waliokuwa watumwa walifanya nini mapema kabisa? Walivaa. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakaacha kaniki wakachukua kanga za rangi na maua. Hawakusubiri wawe matajiri ndipo wapendeze. Nguo ilikuwa njia ya kusema mimi sasa ni mtu kama wewe.

Kwa hiyo ukimwona binti wa Kiwangwa kavaa gauni limekaa vizuri, usidhani ni mambo ya runinga tu. Ni urithi wa pwani hii. Na yule anayesema "angenunua bati" naye amerithi kitu: anataka maskini avae kama maskini, ili asimchanganye.

Msidhani hilo liliisha na wakoloni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua vikapigwa vita Dar es Salaam kuanzia Januari 1, 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo, wapo wanawake waliozomewa na kushambuliwa na makundi ya vijana Kariakoo walipokuwa wakishuka kwenye mabasi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda utamaduni. Sitaki kuibeza nia ya watu walioijenga nchi hii. Lakini angalieni nani alikamatwa shingoni: dada anayepanda basi. Mwenye gari lake hakushuka kituoni.

Halafu ikaja miaka ya shida. Baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, duka la kijiji lilikuwa na kaunta na muuzaji, bidhaa hakuna. Waulizeni wazazi wenu. Watakueleza foleni ya sabuni na foleni ya kitambaa, na namna kanga moja ilivyogawanywa. Kwenye bajeti ya mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na kuanzia hapo mitumba ikaanza kumiminika. Watu wakaipa jina la utani, kafa Ulaya, yaani mwenye nguo kafa huko ndiyo maana imefika kwetu. Walicheka, lakini walinunua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtoto wa mkulima aliweza kuwa na suruali mbili.

Na hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Ukienda Karume pale Ilala, asubuhi belo likifunguliwa, utakuta mwanasheria na kondakta wameinamia rundo moja. Belo la kilo 45 halijui nani ana digrii. Anayeshinda ni mwenye jicho, aliyewahi na anayejua kitambaa. Ni sehemu chache sana nchi hii ambapo mtoto wa maskini anashindana na mtoto wa mkubwa bila kuulizwa anamjua nani. Soko lile liliungua Januari 2022, wafanyabiashara wakapoteza mali na mitaji, na bado watu wakarudi kuuza. Walirudi kwa sababu wateja walikuwepo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimesema kupenda nguo hakuwamalizi vijana. Kinachowamaliza ni sare.

Msikasirike. Harusi moja siku hizi ina sare ngapi? Kuna ya upande wa bwana harusi, ya upande wa bibi harusi, ya marafiki, ya kamati, na usiku wa kitchen party kuna rangi nyingine. Huku kwetu kuna na kumtoa mwali. Ujumbe unaingia kwenye simu: kitenge ni hiki, bei ni hii, mwisho wa kulipa Ijumaa, mshono mmoja kwa wote, fundi ni fulani. Hakuna anayekuuliza unayo hela au huna. Usipovaa, unakaa nyuma, na picha zikitoka haupo. Mama wa watu anauza nanasi barabarani juani, anakwenda kukopa kwa wale wa kausha damu, marejesho kila wiki, ili avae nguo asiyoichagua, kwa rangi isiyompendeza, kwa saa sita. Na hawezi kuirudia, kwa sababu harusi ijayo nayo ina sare yake.

Linganisha na yule kijana wa shati la elfu tatu. Yupi ana tatizo la matumizi? Lakini yule mama hatumsemi, kwa sababu amefanya "heshima". Kijana anasemwa kwa sababu kafanya la kwake mwenyewe.

Najua mtaniambia sare ni mila. Ni kweli, sijazaliwa leo. Vikundi vya lelemama vya akina mama wa pwani vilikuwa vikishindana kwa sare tangu zamani, na ushindani ulikuwa mkali. Lakini sare ya pwani ya asili ilikuwa kanga. Na kanga ina maisha baada ya shughuli. Unabebea mtoto, unajitanda, unaivaa nyumbani, unaikalia, ikichakaa inakuwa kitambaa cha jikoni. Doti moja ni vipande viwili, unaweza hata kumgawia mwenzio asiye na uwezo kipande kimoja akaingia kwenye sare. Gauni la kitenge lililoshonwa kwa mwili wako na mabega ya kupanda juu utamgawia nani?

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati zote, Kiwangwa mpaka Masaki: mkitaka sare, iwe kanga, au iwe rangi tu. Semeni "tunavaa kijani", kila mtu afungue sanduku lake atafute kijani chake. Mtashangaa mtakavyopendeza. Watu hamsini wenye kijani tofauti wanapendeza kuliko hamsini waliokatwa kwenye gombo moja, na hakuna atakayemkimbia mtu wa marejesho Jumatatu.

Kuna hoja nyingine nzito na siwezi kuikwepa. Kuna watu wazito wanasema mitumba yenyewe ndiyo imeua viwanda vyetu, kwa hiyo ninavyomsifia kijana wa mtumba namsifia muuaji. Tuliangalie.

Ni kweli tulikuwa na viwanda vya nguo vilivyotajwa kwa fahari. Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Polytex Morogoro. Na ni kweli nguo mpya ya hapa haiwezi kupambana kwa bei na nguo iliyopatikana karibu bure huko ilikotoka. Lakini viwanda vile vilikuwa vinaugua kabla belo la kwanza halijafunguliwa. Vipuri vilikosekana, umeme ulisumbua, fedha za kigeni hazikuwepo, uongozi nao tunaujua. Mitumba ilimkuta mgonjwa kitandani. Labda ilimmalizia, lakini haikumlaza.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na ikatishiwa kwamba nchi zetu zingepoteza nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru kupitia mpango wa AGOA. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ikashikilia. Ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Agosti 2023 Rais Museveni naye alitangaza tena vita dhidi ya mitumba, akisema ni nguo za wafu. Kafa Ulaya imefika Ikulu.

Nawaheshimu Wanyarwanda kwa msimamo wao. Lakini swali langu ni lile la 1968: ni shingo ya nani inashikwa? Waziri havai mtumba, au akivaa hatujui. Ukizuia belo kesho asubuhi, anayebaki uchi ni mkulima wa nanasi, na anayebaki bila kazi ni mama mwenye meza sokoni, dobi na fundi. Wengi watahamia kwenye nguo mpya za bei ya chini kutoka viwanda vya Asia, zile zinazofumuka ufuo wa tatu. Kiwanda chetu kitakuwa hakijafunguliwa bado.

Kama tunataka viwanda, tuanze na pamba yenyewe. Sukuma wanalima pamba kila mwaka, na sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa haijasokotwa hata uzi mmoja. Mtu wa Kiwangwa hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua maana ya kuuza kitu kwa bei ya shamba halafu ukakinunua kwa bei ya dukani. Tusokote kwanza, tufume kwanza, tumpe fundi kitambaa cha nyumbani kwa bei anayoiweza, halafu mtumba utapungua wenyewe. Mtu hakatai nguo mpya nzuri ya bei nafuu. Hajaletewa.

Mpaka siku hiyo, haya ndiyo nimejifunza kwa kuwatazama na kuwauliza watu wanaopendeza bila hela, na sioni aibu kuyaandika.

Kwanza, fundi ndiye mwenye siri. Nguo ya elfu tatu iliyokaa mwilini inaishinda ya laki iliyoning'inia. Tafuta fundi mmoja, mheshimu, mlipe anachostahili, usimbadilishe kila mwezi. Atakujua bega lako lililoshuka na kiuno chako.

Pili, shika nguo kabla hujaipenda. Angalia kwapa, kola, sehemu ya kukalia, na zipu. Doa na kitufe kilichokatika vinatibika. Kitambaa kilicholika hakitibiki. Ivute kidogo juani, ukiona mwanga unapita kama kwenye chekecheke, irudishe.

Tatu, nunua kidogo kinachoingiliana. Suruali mbili za rangi iliyotulia na mashati manne ni mavazi ya wiki mbili, ukijua kupanga. Shati la maua makubwa la kishua utakumbukwa nalo siku ya kwanza, na utakumbukwa nalo vibaya siku ya nne.

Nne, wahi belo likifunguliwa kama unataka kilicho bora, au nenda jioni wanapofunga kama unataka bei. Ukienda mchana unapata mabaki kwa bei ya asubuhi.

Tano, nguo za ndani nunua mpya. Hapo sina mjadala, na nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku nchini kwa sababu za afya.

Sita, maji, sabuni na pasi, hata kama ni ya mkaa. Hii ndiyo sehemu ya bure kuliko zote na ndiyo wengi wenye hela wanaiacha. Na viatu. Watu wa pwani wanakutazama miguu kabla ya kukusalimia.

Mtaona kwenye orodha hiyo hakuna mkopo wala jina la kampuni kubwa kifuani. Nembo bandia haimpendezeshi mtu. Inamfanya awe bango la watu wasiomlipa. Kupendeza kwa hela ndogo kunataka muda, jicho na subira, vitu ambavyo maskini anavyo na mara nyingi tajiri hana.

Kwa hiyo jirani yako akipita amependeza na unajua kwao kuna shida, usimhesabie bati. Mwambie umependeza. Haikugharimu kitu. Na ukialikwa kwenye kamati ya harusi wiki ijayo, nyoosha mkono useme kwa sauti: mimi napendekeza tuvae tulichonacho. Utaona ni wangapi watashusha pumzi.

Nawasilisha.